Teke la Ginger

Ukitaja Black Beauty, watu wanakumbuka kitabu cha watoto: picha, farasi mweusi, machozi. Lakini Anna Sewell, Mwingereza wa Norfolk aliyeumia mguu akiwa na miaka 14 na kutegemea magari ya farasi maisha yake yote, aliwaandikia watu wazima waliofanya kazi na farasi. Kitabu kilitoka 1877. Miezi mitano baadaye akafariki.

Kukisoma kama stori ya huruma tu ni kukosa nusu yake, tena nusu tamu. Hiki ni kitabu cha kufundisha utunzaji wa farasi, kimejificha ndani ya riwaya.

Chukua Bwana Barry. Si mkatili. Ni mfanyabiashara aliyeambiwa na daktari apande farasi apate mazoezi. Akanunua farasi, akakodi banda, akaajiri mtu, akaagiza chakula kizuri. Mwenye farasi wa kawaida kabisa. Mtunzaji wa kwanza anaiba nafaka. Wa pili ni sharobaro, kazi kujitazama kwenye kioo, lakini majani ya kulalia hayatoi, na ule unyevu unaozesha kwato kutoka chini. Barry haoni, kwa sababu hajui pa kuangalia. Wizi unagunduliwa na rafiki yake mkulima, kwato na fundi wa viatu vya farasi.

Halafu kuna Joe Green, kijana mwenye roho safi. Farasi anarudi usiku kutoka mbio za kumwita daktari, mwili unafuka mvuke. Joe anampa ndoo ya maji baridi na hamfuniki blanketi, akidhani anamsaidia. Farasi anaponea chupuchupu. Sewell hakubali kabisa ile "kijana hakujua." Sayansi imemsahihisha kidogo hapa, maana leo farasi aliyepata joto kali humwagiwa hayo hayo maji baridi. Hoja yake bado imesimama: kumpenda mnyama si kumjua.

Black Beauty mwenyewe, kusema ukweli, ananichosha. Mpole hadi unataka kumtikisa. Mhusika ni Ginger. Yeye alifunzwa kwa mabavu, wanaume kadhaa wakimkamata na kumtia lijamu kwa nguvu, na tangu hapo anauma na kupiga mateke. Akitunzwa vizuri anaanza kutulia. Kisha anauzwa kwa matajiri wanaotumia ukanda wa kuvuta kichwa cha farasi juu ili aonekane wa fahari. Farasi anayepanda mlima na mzigo anahitaji kushusha kichwa ili uzito wake umsaidie kuvuta. Ukanda unamnyima hilo. Siku bibi mwenye gari anaamuru ukazwe zaidi, Ginger analipuka.

Nimesoma ukurasa huo mara tatu. Teke linakuja mwisho, baada ya ishara nyingi ambazo hakuna aliyejali kuzisoma. Sisi tunasema asante ya punda ni mateke, na tunasema kwa uhakika sana. Kwani kuna mtu alimwuliza punda alipewa nini? Mtazame yule wa mkokoteni wa maji mtaani kwenu, pale begani kamba inaposugua.

Ninapogombana na Sewell ni kwenye pesa. Dereva wake mwema, Jerry, anaweza kuwapumzisha farasi Jumapili kwa sababu ni wake. Sam, dereva mwenzake, amekodi. Lazima alipe shilingi 18 kwa siku kabla ya kupata senti yake. Yeyote aliyewahi kukaa kiti cha mbele cha mathree saa nne usiku anaijua hiyo hesabu ya mwenye gari. Sam anajieleza vizuri kuliko mtu yeyote kitabuni: farasi amechoka, watoto wana njaa, nifanye nini? Anakufa, wenzake wanahuzunika, na riwaya inarudi kutafuta bwana mwema. Swali lake linabaki pale pale.

Ila Ginger analijua jibu. Wanapokutana tena mjini London amekonda, ana kikohozi, hapigi tena mateke. Anaeleza bila hasira: aliyemkodi analipa pesa nyingi kila siku kwa mwenye mali, kwa hivyo lazima azitoe mwilini mwake. Muda mfupi baadaye mkokoteni unapita na mzoga wa farasi wa rangi yake, na Black Beauty anatumaini ni yeye.