Child's Play: Mchele Ulimwagwa Dukani

Kosa kubwa la Child's Play linafanyika kabla mtoto Andy hajaamka. Muuaji Charles Lee Ray ana risasi mwilini, mwenzake Eddie Caputo ameshatoroka na gari, mpelelezi Mike Norris anamjia na bastola. Anaangukia kwenye rundo la maboksi ya Good Guys, anamshika mdoli kichwani, anamwita Damballa, mawingu yanajikusanya juu ya Chicago, radi inapiga, duka zima linalipuka. Filamu ndiyo kwanza inaanza, nasi tumeshajua muuaji ni nani, yumo ndani ya nini na ameingiaje humo. Huko ni kumwaga mchele penye kuku wengi, na hakuna uhariri wowote baada ya hapo unaoweza kuuokota.

Najua watazamaji wengi hawako upande wangu. Kwao ufunguzi ule ni moto: kukimbizana, risasi, Brad Dourif, kama Ray, akikodoa macho. Sikatai kwamba umepigwa vizuri. Ninachokataa ni kuuweka pale. Kuanzia kifo cha Maggie, mlezi wa Andy, hadi tukio la betri nitakalolifikia, filamu imesimama juu ya swali moja: ni mtoto au ni mdoli? Polisi wanaliuliza, daktari wa wagonjwa wa akili analiuliza, na Karen, mama mzazi, hathubutu kulitamka. Asiyeliuliza ni mmoja tu, yule aliyelipa kiingilio, maana mwongozaji Tom Holland alishamjibu dukani.

Uangalieni ule unga. Maggie amegongwa nyundo usoni, ametoka dirishani, ameangukia gari huko chini. Norris anaingia jikoni na kukuta unga umemwagika, na juu yake nyayo ndogo za viatu. Andy ana viatu vya Good Guys. Mdoli wake, Chucky, naye ana viatu vya Good Guys. Muuza midoli amemvalisha mtoto sawasawa na mdoli, kuanzia ovaroli hadi soli, kwa hiyo unyayo mmoja unaweza kuwa wa yeyote kati yao. Hicho ni kidokezo cha daraja la kwanza, tena kina kejeli ndani yake juu ya biashara ya matangazo inayomgeuza mtoto nakala ya bidhaa. Mtu alikaa chini akakifikiria. Lakini Norris anapoutazama unyayo ule na kumgeukia mtoto wa miaka sita, sisi hatushtuki wala hatusiti. Tunamsubiri tu, tukimwona mpelelezi mzito wa kuelewa. Kidokezo kimegeuka kuwa foleni.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kamera haikupata habari ya kilichotokea dukani. Kwa karibu nusu ya kwanza ya filamu Chucky anafichwa kwa bidii. Tunaona kitu kikipita mbio nyuma ya kochi. Tunasikia vishindo vya miguu midogo. Kamera inashuka karibu na sakafu na kukimbia korido nzima kwa macho ya mtu mfupi, bila kutuonyesha ni macho ya nani. Hiyo ni lugha ya filamu yenye siri. Sasa unamficha nani, na kwa nani? Ukishatangaza jina la mwizi kwenye kipaza sauti, huna sababu ya kumfunika uso. Mpiga picha mkuu hapa ni Bill Butler, huyuhuyu aliyepiga Jaws mwaka 1975. Kule papa alichelewa kuonekana, nasi hatukujua ukubwa wake, na kila boya lililozama lilimwongezea futi mbili tatu vichwani mwetu. Urefu wa Chucky tulishaupima kwenye boksi.

Hapa ndipo watetezi wa ufunguzi huo huchomoa jina la Hitchcock na bomu lake chini ya meza. Wanasema taharuki hutaka mtazamaji ajue kuliko mhusika. Kanuni ni sahihi, imetumika mahali sipo. Bomu linatisha kwa sababu tunawahofia waliokaa mezani. Katika nusu ya kwanza, aliyekaa mezani ni Andy, na bomu lenyewe linampenda, linalala naye, linapanda naye treni hadi kwa Eddie Caputo. Hatari inayomkabili Andy ni kuhukumiwa kwa asichokifanya, na hukumu hiyo ingetuuma kweli kama sisi wenyewe tungekuwa tumemshuku, angalau usiku mmoja. Hitchcock huyohuyo, alipotaka tushuku, alifunga mdomo. Katika Psycho mama alifichwa hadi mwisho, wala hatukuanza kwa kuonyeshwa jinsi Norman alivyopata wigi.

Holland hana udhuru wa kutojua. Ndiye aliyeandika Psycho II ya 1983, filamu inayoishi kwa swali la kama Norman amerudia kuua au anasingiziwa. Kazi hiyo aliifanya vizuri kwa kalamu yake mwenyewe, na miaka mitano baadaye, akiwa na mtoto badala ya Norman, akaitupa. Na muswada wa kwanza wa mwandishi Don Mancini ulimpa kila kitu mkononi. Katika toleo lile hakukuwa na muuaji wa mtaani wala uganga. Mtoto alichanganya damu yake na ya mdoli kwa udugu wa kuchanjiana, na mdoli akawa anawaendea wale ambao mtoto alikuwa na kinyongo nao. Kwa hiyo hata kama mkono ni wa mdoli, chuki ni ya nani? Swali hilo lingewakosesha wazazi usingizi. Likaondolewa, tukapewa jambazi aliyebadilisha nguo.

Wakongwe walilijua hili bila kufundishwa. Dead of Night ya 1945, katika kisa alichokiongoza Cavalcanti, haikutuambia kama mdoli Hugo ana roho au Michael Redgrave ndiye amepoteza akili. Mdoli Talky Tina wa The Twilight Zone, 1963, alimtishia Telly Savalas kwa sauti tamu ya kitoto, na hadi leo hakuna aliyetueleza nani alimtia uhai, hatukuhitaji. Kisha Magic ya 1978. Burgess Meredith anamwambia Anthony Hopkins jambo dogo kabisa: mfanye mdoli wako Fats anyamaze dakika tano. Watu wawili wamekaa, saa inahesabu, na Hopkins anatokwa jasho kwa kushindwa kunyamaza. Hakuna radi wala mlipuko, na tukio lile bado linatisha kuliko nusu ya matoleo yote ya Chucky yakiwekwa pamoja.

Radi nayo nimeisema mara nyingi na nitaisema tena: si hoja. Mwandishi akishindwa kueleza sababu, huita mawingu. Na hapa mawingu yameitwa kwa jina la watu. Damballa ni nyoka mtukufu wa dini ya Vodou ya Haiti, anayehusishwa na uumbaji na usafi, na dini yenyewe mizizi yake mikubwa iko Afrika Magharibi. Hollywood imemfanya swichi ya kumwashia mdoli. Filamu inajaribu kujikosha kwa mdomo wa John, mganga anayemwambia Chucky kwamba ameyachafua mafundisho, halafu dakika hiyohiyo inamvunja mguu na mkono kwa kisanamu chake mwenyewe. Mweusi mwenye elimu ameletwa kutoa maelekezo ya matumizi, kisha afe.

Mengine yako sawa: midoli ya Kevin Yagher, Ed Gale ndani ya vazi kwenye seti zilizokuzwa ili aonekane mfupi zaidi, sauti ya Dourif, Catherine Hicks kama Karen mwanzo hadi mwisho.

Na betri, bila shaka. Karen anatikisa boksi tupu, betri zinadondoka sakafuni zikiwa hazijawahi kutumika. Anamgeuza mdoli, anafungua kifuniko mgongoni, ndani hamna kitu, kichwa kinazunguka na kumsalimia. Watazamaji wote huitaja, na wana haki. Ila tunamtazama Karen akigundua; hatugundui naye. Tukio hilo liliandikwa liwe kitasa cha filamu nzima, mahali ambapo swali la mtoto au mdoli linafungwa kwa mlio mmoja. Tumepewa kitasa kwenye mlango ambao ulishaachwa wazi.

Dawa yake haikuhitaji hata kamera mpya. Anza na kifungua kinywa, Andy akimiminia mama yake nafaka na sukari na kumuunguzia mkate. Jina la Charles Lee Ray tayari limo: Andy mwenyewe anamwambia mama kwamba hilo ndilo jina halisi la Chucky, na kwamba ametumwa na baba kutoka mbinguni. Likisikika hapo kwa mara ya kwanza, mtoto aliyefiwa na baba anaonekana ama anaota ama ana siri nzito. Taarifa ya habari ya usiku ambayo Chucky aling'ang'ania kuitazama ingetupa Caputo. Kifo cha dukani kingeweza kusubiri hadi Norris akisimulie, baada ya betri, na pale kingekuwa jibu badala ya tangazo.

Toleo la 2019 la Lars Klevberg lilipata nafasi ya kusahihisha. Likamtupa Damballa, likaweka teknolojia, kisha likaanza kiwandani Vietnam na mfanyakazi aliyefukuzwa akizima vizuizi vya usalama vya mdoli mmoja. Kosa lilelile. Waongozaji wa filamu za midoli wana hakika kwamba tunakuja kuona mdoli akiua. Tunakuja kumtazama mdoli aliyekaa kimya kitini tusijue kama ataua, na hilo hawawezi kutuuzia baada ya kututajia jina lake mlangoni.