Msomaji wa Mapafu

Daktari wa picha niliyepata bahati ya kumtazama akiwa kazini hakuanza na picha. Aliuliza kwanza: marehemu amelazwaje, na tangu saa ngapi? Mhudumu wa mochwari akajibu kwamba yuko chali tangu jana alasiri. Alikandamizwa kifua kujaribu kuurudisha moyo? Aliwekewa mashine ya kupumulia? Majibu yalipokamilika ndipo mzee alipovuta kiti na kuwasha kompyuta.

Sababu niliielewa baadaye kidogo. Moyo ukisimama, damu na maji ya mwilini hukosa wa kuyasukuma. Hushuka upande wa chini na kutuama huko. Kwenye picha za CT skani, sehemu za nyuma za mapafu huonekana nyeupe hata kwa mtu aliyekufa bila ugonjwa wowote wa kifua, na mwanafunzi asiyejua ataapa kwamba ni nimonia. Mzee alipitisha kidole juu ya kioo. Weupe uliolingana kulia na kushoto, uliolala mgongoni kwa usawa, aliupita bila kusema neno. Kisha akasimama kwenye doa lililokuwa juu, karibu na bega, upande mmoja tu, mahali ambapo maji yasingepanda yenyewe.

“Huu haukushuka,” alisema. “Huu umeota.”

Akalikuza lile doa, akaifuata njia ya hewa inayoingia humo, akahesabu kwa ncha ya kalamu vidoa vidogo vilivyolizunguka. Aliandika kifua kikuu, akaweka alama ya kuuliza, akaomba kipande cha pafu kipelekwe maabara. Ile alama ya kuuliza ndiyo iliyonifanya nimheshimu zaidi.

Mgonjwa aliye hai huambiwa avute pumzi, aizuie, picha ipigwe. Marehemu haambiwi. Mapafu yake yamenywea nusu, na kivuli cha kunywea kinafanana mno na kivuli cha ugonjwa. Leicester, huko Uingereza, watafiti walifikia hatua ya kuyajaza hewa mapafu ya maiti kabla ya kupiga picha, ili yatanuke kama ya mtu anayepumua. Kuna watakaoona ni kujisumbua. Mimi naona ni adabu ya kazi.

Ujuzi huu wote ulizaliwa mezani, penye kisu. René Laennec, daktari wa Paris aliyebuni chombo cha kusikilizia kifua mwaka 1816, alikuwa akisikiliza mapafu ya wagonjwa wake wodini, na walipofariki alivifungua vifua vilevile kuona sauti aliyoisikia ilitokana na nini. Ndivyo sikio lake lilivyopata elimu, hadi kifua kikuu kilipomuua yeye mwenyewe mwaka 1826. Macho ya wasomaji wa picha yalifundishwa kwa njia hiyohiyo. Walikata pafu wakaliona limekuwa gumu na zito kama ini. Walitia kipande chake majini, kikazama, wakati kipande cha pafu zima huelea. Kisha wakairudia picha na kujua weupe ule una uzito gani mkononi.

Mwaka 2020 tulikumbushwa thamani ya jambo hili. Korona ilipoingia Ujerumani, taasisi ya taifa ya afya ya jamii, Robert Koch, ilishauri mwanzoni kwamba maiti zisifunguliwe, kwa kuhofia maambukizi. Wachunguzi wa hospitali ya chuo kikuu cha Hamburg walizifungua, na kabla ya hapo walizipiga picha za CT skani. Katika marehemu 12 wa kwanza, 7 walikuwa na damu iliyoganda kwenye mishipa ya ndani ya miguu, na kwa 4 bonge lilikuwa limepanda mapafuni na kuwaua. Picha ilionyesha mapafu yaliyoharibika pande zote mbili. Bonge lilitolewa na kisu. Wodini, hakuna aliyekuwa ameshuku mishipa ile.

Karibu nasi zaidi ni Lusaka. Kati ya 1997 na 2000, katika Hospitali ya Chuo Kikuu, wazazi wa watoto 264 waliofariki kwa maradhi ya kifua walikubali watoto wao wachunguzwe. Kila ninapoisoma hesabu hiyo nawawazia wazazi kuliko madaktari: kuombwa jambo kama lile saa kama ile, na kuridhia. Takriban mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na kifua kikuu. Zaidi ya robo ya wale wenye VVU walikuwa na nimonia ya kuvu, ile ambayo septrini huikinga.

Sisi wa pwani tunataka maiti wetu azikwe upesi, azikwe mzima, na sioni kosa hapo. Picha ni nafuu kubwa kwa familia isiyotaka kisu, kama ilivyo sindano wanayotumia watafiti wa Kisumu na Siaya kuchukua vipande vidogo vya mapafu ya watoto waliofariki. Ninachokilalamikia ni uvivu unaojificha nyuma ya heshima hiyo: mtu kakohoa wiki tatu, kafa, kaandikiwa nimonia, basi. Nimonia ya nini? Na wadogo zake wanaolala chumba kimoja naye je?

Picha nayo ina pa kukosea. Manchester na Oxford, watu wazima 182 walipigwa picha kisha wakafunguliwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2012: katika karibu thuluthi ya vifo, CT skani ilitofautiana pakubwa na kisu kuhusu kilichoua. Miongoni mwa yaliyoipotea ni nimonia na mabonge ya mapafuni, yaani mambo yaleyale tunayoitumainia ituonyeshe. Tuliyajua makosa hayo kwa sababu kifua kilifunguliwa baada ya picha. Katika Uingereza hiyohiyo, uchunguzi wa maiti unaoombwa na madaktari wa wodi kwa ridhaa ya ndugu umeporomoka hadi haufiki 1 kwa kila vifo 100 vya hospitalini, na vijana wanaohitimu kusoma picha hawana tena meza ya kwenda kuuliza kama walichokisoma kilikuwa kweli.