Sarafu Chini ya Tofaa

Mchoraji kijana Louis Le Bail aliwahi kumtazama Paul Cézanne akiandaa meza kabla ya kushika brashi. Mzee alitandika kitambaa, akapanga matunda, akayageuza, akayainamisha, na tunda lililokataa kukaa alivyotaka akalichomekea sarafu chini: su moja, su mbili, hadi likubali. Ni hila ileile ya kigae chini ya meza inayoyumba. Kwa miaka mingi nilikichukua kisa hicho kama kichekesho cha mzee mwenye visirani. Juzi nilijaribu kupika nacho, hapa Kindu, mkoani Maniema, Kongo, kwenye jiko la makaa, na ile sarafu ilinifaa kuliko rangi zote za picha.

Picha niliyoifuata ni Kikapu cha Matofaa, ya mnamo 1893, iliyoko Art Institute of Chicago. Jumba hilo limeziachia picha zake nyingi za zamani bure kwenye intaneti, kwa hiyo niliitazamia kwenye simu, kioo chake kikiwa na ufa uliopita katikati ya chupa. Chupa yenyewe imeinama. Kikapu kimeinuliwa kwa kibao, kinakaribia kumwaga matofaa kwenye kitambaa cheupe. Ukingo wa meza upande wa kushoto haukutani na ule wa kulia. Seremala yeyote wa hapa angerudishiwa meza hiyo siku hiyohiyo. Sasa litazame tofaa moja tu. Kingo zipo, lakini uduara wake hautoki kwenye mstari wala kwenye kivuli cheusi. Unatoka kwenye mabaka: baka la njano, kando yake la chungwa, kando yake jekundu, halafu kijani kidogo kinachorudi nyuma. Wanaozifahamu picha za Bela, wa karakana ya Pierre Romain-Desfossés iliyoanzishwa Élisabethville mwaka 1946, hawatashangaa. Bela alichovya ncha za vidole kwenye rangi, akajenga majani na wanyama alama kwa alama.

Tofaa halioti Kindu. Tuko karibu na nyuzi 3 kusini mwa ikweta, mita zipatazo 500 tu juu ya bahari, na mti huo hudai majuma ya baridi ndipo uchanue vizuri. Lushoto na Kabale wanayapata kwa sababu ya milima. Letu hufika likiwa limesafiri, na Goma ilipotekwa Januari 2025 na uwanja wake wa ndege kufungwa, njia mojawapo ya vitu vya namna hiyo ilikatika. Hata jina lake linayumba. Hapa tunasema pome, na Kifaransa kilichotupa neno hilo hukiita kiazi nacho pomme de terre. Pwani, tofaa walilolizoea wazee ni tunda jingine kabisa, jepesi, la rangi ya waridi, lenye asili ya kusini-mashariki mwa Asia. Yangu yalikuwa matatu: mawili mazima, la tatu limegongwa njiani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kunakili rangi. Nililitaka lile chungwa la Cézanne, na kwetu chungwa liko ndani ya chupa: mawese. Nikayapasha hadi yakatoa moshi, kama afanyavyo mtu mwenye haraka. Wekundu wa mawese ni karotini, nayo haivumilii moto mkali. Mafuta yakapauka, harufu ikabaki. Nikaongeza sukari, nikidhani itaokoa jambo. Mama wa jirani alichungulia akauliza: “Papa, hii ni mboga ao ni keki?” Hakuonja. Mimi nilionja mara moja.

Mara ya pili niliziacha rangi, nikaishika sarafu. Sarafu yenyewe hatuna, faranga zinazopita mikononi mwetu ni noti tupu. Nilikata ndizi mbichi ya kupika, vipande vyenye unene wa kidole. Tofaa nililipasua kati nikatoa mbegu. Ganda nililiacha, kwa kuwa ndilo linaloishika nyama isibomoke. Upande uliokatwa niliupaka ndimu ili hewa isiugeuze kahawia. Mawese yalipopata moto wa wastani, mekundu bado, sikuilaza ile nusu bapa. Niliiegemeza juu ya kipande cha ndizi: ukingo mmoja ndani ya mafuta, mwingine umeinuka. Chumvi kwa ncha za vidole. Mfuniko juu, na makaa machache nikapalia juu ya mfuniko kama mtu anayekausha wali. Maji sikutia, tofaa lina yake.

Hapo ndipo kazi ya kuinamisha ilipoonekana. Ukingo ulio ndani ya mafuta hukauka kwanza, na kitu kikishakauka joto lake huweza kupanda kupita lile la maji yanayochemka. Sukari ya tofaa ikageuka kahawia bila mimi kuongeza hata punje. Upande ulioinuka ulikuwa umezungukwa na mvuke wa tofaa lenyewe. Kwa kimo chetu maji huchemka kwenye nyuzi 98 hivi za Selsiasi, na mahali penye majimaji hapapati joto zaidi ya hilo: nyama hulainika lakini haishiki rangi. Katikati, pale ndizi ilipolizuia tofaa lisiguse chuma, pakabaki pagumu kidogo na uchachu wake. Nusu nyingine, niliyoilaza bapa ili kulinganisha, ilipata joto moja kote, ikatoka na ladha moja, ya uji wa mtoto. Iliyoinamishwa hubadilika mdomoni: kwanza uchungu mdogo wa kuungua, kisha utamu, kisha uchachu, bila mpaka unaoweza kuuonyesha kwa kisu. Ndiyo yale mabaka, yakihesabiwa kwa ulimi.

Ndizi lazima iwe mbichi kweli. Niliyoitumia kwenye nusu ya tatu ilikuwa imeanza kuiva. Ikalegea, tofaa likateleza likajilaza, na mwisho sikuweza kulitofautisha na lile la uji. Mbichi ina wanga mwingi na hubaki imara hadi tofaa liive.

Lile lililogongwa nililiweka kando, nikitafakari. Katika Kikapu cha Matunda cha Caravaggio, cha mnamo 1599, kilichoko Ambrosiana huko Milan, tofaa lililo mbele kabisa lina tundu la funza, na majani ya pembeni yamenyauka. Hakulificha nyuma ya zabibu. Basi nami sikulitupa. Nilikata sehemu iliyobonyea, nyingine nikaikatakata na kitunguu na pilipili, ikapikika hadi ikavurugika, ikawa rojo ya kumwagia chini ya zile nusu zilizosimama. Bila rojo hiyo sahani ingekuwa kavu. Nadhani ndiyo sehemu niliyoipika vizuri kuliko zote, na haikutoka kwa Cézanne hata kidogo.

Kuhusu meza, naungama. Nilitandika kitambaa cheupe, nikavuta kona yake ifanye mikunjo kama pale Chicago, nikaweka chupa nikaiegemeza kwenye kitabu. Picha ya simu ilitoka vizuri. Mawese hayatoki kwenye pamba. Siku ya pili kazi ya kitambaa niliupa wali wa Maniema, mweupe, uliotandazwa kwenye sinia, matofaa yakiwa juu yake, na hakuna aliyehitaji kufua.

Hukumu yangu kwa anayetaka kujaribu: picha haikupi ladha, na anayepika kwa kufuata rangi zake atapata sahani ya kupigia picha tu. Inakupa mahali pa kuweka kitu na pembe ya kukiinamisha. Anza na tofaa moja, gumu, lenye uchachu. Laini litabomoka hata kwa ganda lake. Na ukate vipande vya ndizi zaidi ya unavyovihitaji. Mezani kwangu matofaa yalisifiwa, yakaliwa kwa adabu. Vilivyogombaniwa ni vile vipande vya chini, vyekundu upande mmoja na vyeupe upande wa pili, vilivyokuwa vimekunywa maji ya tofaa na mawese pamoja.