Kima cha Chini si Udogo: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Kemia

Mfasiri wa vitabu vya kemia akikuta dhana ya uzito wa chini wa molekuli unaokokotolewa kutokana na asilimia ya elementi, huvutwa kwa urahisi kuandika "uzito mdogo wa molekuli". Tafsiri hiyo ni fupi, lakini haifai. Neno "mdogo" hueleza hali ya molekuli. Dhana inayokusudiwa hueleza mpaka ambao hesabu haiwezi kushuka chini yake.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Katika lava ya Mlima Ol Doinyo Lengai, Wilaya ya Ngorongoro, yamo madini ya nyerereiti, yaliyopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Yakiwa safi, yana kalsiamu asilimia 19.4 na kaboni asilimia 11.65 kwa uzito. Kanuni yasema: zidisha uzito wa atomi kwa 100, kisha gawanya kwa asilimia. Kwa kalsiamu, 40 × 100 ÷ 19.4 ni karibu 206. Kwa kaboni, 12 × 100 ÷ 11.65 ni 103. Je, ni upi "uzito mdogo"? Hesabu zote mbili ni sahihi. Ya kaboni imechukulia kuwa atomi ni moja, kumbe ziko mbili. Jibu hilo ni kima tu. Uzito kamili ni kima hicho kikizidishwa kwa namba nzima. Hemoglobini ya damu ina chuma karibu asilimia 0.34, nayo hutoa kima cha karibu 16,500. Lakini ina atomi nne za chuma, hivyo uzito wake ni karibu mara nne ya hapo. Nani ataiita molekuli hiyo ndogo?

Kosa la pili ni kuita msombo "mchanganyiko". Magadi ya ziwa lililomo ndani ya Kreta ya Ngorongoro, na chumvi ya Ziwa Eyasi huko Karatu, ni michanganyiko. Asilimia zake hubadilika. Mwanafunzi akiyapigia hesabu hii atapata namba isiyo na maana yoyote, na lawama itakuwa ya mfasiri. Aidha, nyerereiti ni fuwele ya ioni, haina molekuli. Kwayo yafaa kusema "uzito wa fomula".

Tunapendekeza "kima cha chini cha uzito wa molekuli". Yuko atakayesema kwamba istilahi hii ni ndefu. Ni kweli, lakini hakuna mtumishi wa serikali asiyejua kima cha chini cha mshahara, wala anayedhani kwamba kila mshahara ni sawa na kima hicho. Maana imekwisha kukomaa vinywani mwa watu. Mwalimu ataanzia hapo, na mfasiri hana sababu ya kuiacha kwa ajili ya kuokoa maneno matatu.