Miaka Kumi na Mitatu ya Nani? Kuusoma Mwongozo wa UNESCO Juu ya Akili Mnemba Shuleni

Septemba 2023 shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia elimu, UNESCO, lilitoa mwongozo wake kuhusu matumizi ya akili mnemba katika elimu na utafiti. Unahusu hasa ile akili mnemba inayotunga maandishi na picha, kama ChatGPT, ambayo vijana wetu wanaifahamu kuliko wazazi wao. Msharika wa Mbwawa anaweza kuuliza kitabu kilichoandikwa Paris kinamhusu nini yeye mwenye shamba la mihogo na mjukuu aliye kidato cha pili. Kinamhusu kwa sababu kinapanga mambo ya huyo mjukuu. Nimekisoma kama mchungaji anayefundisha kipaimara, na kwa macho hayo nakipima.

Nianze na kilicho chema, maana ni kingi. Mwongozo unasimama upande wa binadamu. Unasema mwalimu asiondolewe darasani, mtoto asigeuzwe chanzo cha taarifa za kuuzwa, na lugha na tamaduni ndogo zisimezwe na mashine zilizolishwa maandishi ya nchi tajiri. Mwaka huohuo UNESCO iliuliza shule na vyuo zaidi ya 450 duniani kama vina utaratibu wowote juu ya zana hizi, na vilivyokuwa nao havikufika asilimia 10. Stefania Giannini, aliyesimamia elimu katika shirika hilo, aliandika kwamba mahali pengi kitabu kipya cha shule hupitia ukaguzi mrefu kuliko mashine hizi. Ni kweli hata kwetu. Kitabu cha kiada cha darasa la tatu hakimfikii mtoto mpaka kimepita mikononi mwa wataalamu, kikasomwa na kusahihishwa. Hii nyingine inaingia kwa bando la siku moja.

Mwongozo unazipa serikali hatua saba, na ya kwanza ni kuwa na sheria ya kulinda taarifa za watu. Hapo Tanzania haikuwa nyuma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, miezi minne kabla mwongozo haujatoka. Hatua nyingine nitazipita, kwa kuwa ni kazi za wizara na wanasheria, na wapo wanaozijua vizuri kuliko mimi.

Nisimame kwenye umri. Mwongozo unapendekeza mtoto aliye chini ya miaka 13 asizungumze peke yake na mashine hizi. Namba hiyo imetoka wapi? Haikutoka kwa mwalimu aliyechunguza ni lini akili ya mtoto inaweza kupambanua neno la kweli na neno lililotungwa likapendeza. Ilienea kutoka sheria ya Marekani ya mwaka 1998, inayozuia makampuni ya intaneti kukusanya taarifa za watoto wa chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Sheria hiyo ni nzuri kwa kazi yake, lakini ilihusu taarifa, haikuhusu kujifunza, na wakati huo mashine ya kuandika insha haikuwepo. Kwetu Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto. Kwa hiyo kijana wa miaka 14 ni mtoto mbele ya hakimu wa Kibaha, na mbele ya skrini anahesabiwa ameshakomaa vya kutosha.

Injili ya Luka inatuonyesha Bwana wetu akiwa na miaka 12 hekaluni, ameketi katikati ya walimu, anawasikiliza na kuwauliza maswali. Tumezoea kuhubiri juu ya hekima yake. Mimi huwatazama wale walimu. Mtoto wa mgeni kutoka Galilaya alikaa nao, wakamsikiliza, wakamjibu, wakashangaa. Walikuwa watu wenye sura, na mama yake alipofika alijua ni akina nani waliokuwa wakizungumza na mwanawe. Mwongozo wa UNESCO unauliza mtoto awe na umri gani ndipo aachwe peke yake na mashine. Mariamu alipoingia hekaluni alikuta mtoto ambaye hakuachwa peke yake. Swali la umri ni halali, lakini naliona limechukua nafasi ya swali lililolitangulia: nani amekaa na mtoto?

Na hapa ndipo kitabu hiki kinapopungukiwa. Kimeandikiwa serikali, shule, watafiti na watengenezaji. Nyumba inatajwa kama kwa kupita. Huku kwetu mashine haiingii kwa mlango wa shule, kwa sababu shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuja na simu. Inaingia kwa simu ya baba saa mbili usiku, baba akiwa anaoga. Simu hiyo imesajiliwa kwa jina la mtu mzima, na mashine ikiuliza mwaka wa kuzaliwa inajibiwa mwaka wowote. Sheria ya umri isiyomtaja mwenye simu imelinda mlango ambao hakuna anayeupita.

Matokeo nimeyaona kwenye kazi za kipaimara. Vijana waliulizwa kwa nini Zakayo alipanda mkuyu. Mmoja aliandika kwamba alipanda ili asionekane na watu anaowadai, jibu lisilo kwenye Biblia lakini la mtoto anayejua kijiji. Wengine watatu walileta aya zinazofanana kuhusu hali ya kijamii na kiuchumi ya Yeriko, kila moja ikimalizia kwamba ni muhimu kutambua jambo fulani. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Nilipowauliza kwa mdomo Zakayo alikuwa nani, mmoja akasema ni mtume.

Sisemi mashine hizi zifungiwe. Kijana wa shule ya kata isiyo na mwalimu wa kemia, akipata kwa dakika tano maelezo ambayo angeyasubiri muhula mzima, amesaidiwa, na mchungaji anayemkemea bila kumtafutia mwalimu hamtendei haki. Wala sidharau sheria za kimataifa. Umoja wa Ulaya katika sheria yake ya akili mnemba ya 2024 umekataza mashine zinazosoma hisia za wanafunzi usoni, isipokuwa kwa sababu za kiafya au za usalama. Katazo hilo lilianza kufanya kazi Februari 2025. Nafurahi kwa ajili ya watoto wa Ulaya. Ila sheria hiyo inawalinda walio huko, na mwongozo wa UNESCO ni ushauri ambao nchi inaweza kuuweka kabatini. Mtoto wa Pwani amebaki katikati.

Tena tusisahau jirani. Januari 2023 gazeti la Time la Marekani liliandika kwamba vijana wa Nairobi walilipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na unajisi, wakiyawekea alama ili ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Usafi wa lugha tunaousifu umepitia machoni mwa watu hao.

Kibaha tunajua msaada wa kimataifa katika elimu unavyoweza kuwa. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilianzisha hapa mradi wa shule ya sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima, na mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa serikali yetu ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Mradi ule ulikuwa na watu. Mzazi asiyeridhika alikuwa na ofisi ya kwenda na mtu wa kumsalimia. Leo mtoto akifundishwa uongo na mashine, mzazi wa Mbwawa ampelekee nani malalamiko? Mwongozo unadai watengenezaji wawajibike, na unadai vizuri, lakini mlolongo wa uwajibikaji unaishia mbali sana na barabara yetu.

Sisi Walutheri tuna mfano wa kutusaidia kuusoma mwongozo huu. Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwataka waanzishe na kutunza shule. Alijua wazazi peke yao hawatoshi, wala hakuona aibu kuidai serikali. Lakini miaka mitano baadaye, baada ya kuzitembelea sharika na kukuta watu hawajui hata Sala ya Bwana, aliandika Katekisimo Ndogo na kuikabidhi kwa mwenye nyumba aifundishe jamaa yake. Katekisimo hiyo inarudia swali moja kila baada ya amri na kila baada ya ombi: maana yake nini? Mtoto anatoa neno alilolikariri, kisha anaulizwa tena, na aliyeuliza anangoja. Mwongozo wa UNESCO ni barua ya 1524, nami naiunga mkono. Kitabu cha nyumbani cha 1529 hakimo ndani yake, na sioni kwa nini tukisubiri kutoka Paris wakati usharika una wazazi, wazee wa kanisa na walimu wastaafu.

Majirani zetu madrasa hawajaliacha jambo hili: mtoto anasoma, ustadhi anasikiliza kwa sikio lake. Katika darasa letu la kipaimara kazi za kuandika zimebaki, ila kila kijana anaisimulia yake kwa mdomo mbele ya wenzake, mzazi mmoja akiwepo, na swali la Katekisimo linaulizwa mpaka jibu liwe la kwake. Kazi iliyokuwa ikimalizika Jumamosi moja sasa inachukua mbili. Wazazi wa kiume ndio wagumu kufika. Safari iliyopita walikuja wanne, na wawili kati yao waliulizwa na watoto wao wenyewe maana ya ombi la tano.