Jicho Kabla ya Rangi

Weka kibao cha mtama na ulezi uani, mahali penye baridi kidogo kama Nairobi au Arusha, na haitachukua muda kabla kwera hawajafika, manjano na weusi, wakigombea punje. Wengi wetu huwaita wote kwa jina moja na kuishia hapo. Wako wachache wasioishia hapo. Hukaa na darubini na daftari, wakitazama kibao kilekile asubuhi baada ya asubuhi, hadi wanaweza kukwambia yupi dume, yupi jike, na yupi ametoka kiotoni msimu huu. Ufundi wao nauheshimu sana, maana ni mgumu kuliko unavyoonekana, na hakuna njia ya mkato ya kuupata.

Ugumu wenyewe unatoka kwenye rangi. Asiyezoea hutazama rangi kwanza, na rangi ndiyo inayohadaa. Unyoya uliokwisha kukua ni kitu kisicho na uhai, kama ukucha. Ukishatoka, hauwezi kubadilishwa rangi kutoka ndani. Utafifia kwa jua na kulika ncha, mpaka udondoke na mwingine uote mahali pake. Kwa hiyo dume anayeingia msimu wa kuzaana hageuki mara moja. Huota weusi huku na manjano kule, unyoya kwa unyoya, kwa wiki kadhaa. Ukimkuta katikati ya mabadiliko hayo, huenda usimpate kitabuni, kwa sababu vitabu vingi huchora ndege aliyekwisha kukamilika.

Mtazame fumbwe, yule ambaye wataalamu humwita Vidua macroura. Msimu wa kuzaana dume ni mweusi na mweupe, mdomo mwekundu, na manyoya manne ya katikati ya mkia yamerefuka kupita mwili wake. Msimu ukiisha, mkia ule hudondoka, weusi huondoka, na anabaki na michirizi ya kahawia kama shomoro. Mdomo haubadiliki, unabaki mwekundu. Jike naye ana michirizi mwaka mzima, lakini mdomo wake, ambao nje ya msimu ni mwekundu, huingia weusi wakati wa kutaga. Basi mdomo peke yake hautoshi, na michirizi peke yake haitoshi. Mjuzi huvisoma pamoja, tena akijua mvua zimefika wapi.

Hilo la mvua si dogo. Nchi za baridi kali, majira huja kwa tarehe zinazojulikana. Kwetu, sehemu nyingi zina masika na vuli, na ndege wala mbegu huzaana kufuata mvua na majani yanayozaa mbegu baada yake. Mvua ikichelewa, manyoya nayo huchelewa. Ndiyo maana madaftari ya watu hawa yamejaa habari za mawingu na matope kuliko mgeni angetarajia.

Mahali ninapouona ufundi huu kwa ukamilifu ni kwenye kichwa chenye mabaka. Chukua Ploceus baglafecht, kwera wa bustani za nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Dume ana paji la manjano na mashavu meusi. Jike kichwa chake chote ni cheusi, na wengi humdhania dume kwa sababu hiyo. Wote wawili wana jicho la manjano iliyopauka. Jamaa zao wa Ethiopia hubadilisha manyoya msimu wa kuzaana ukipita, lakini hawa wa kwetu hubaki na rangi zao mwaka mzima. Sasa aje mmoja kibaoni mwenye kichwa cha kijani kilichofifia, weusi umeanza kujitokeza mashavuni, na jicho bado la kahawia. Huyo ni kijana anayekua. Hana sababu nyingine ya kuwa na mabaka.

Kisha aje Ploceus cucullatus, naye kichwa kina mabaka vilevile, ila jicho lake ni jekundu. Huyu si kijana. Ni dume mzima aliye kati ya msimu na msimu, kwa kuwa yeye hupoteza weusi wa kichwa kila mwaka na kuurudisha, huku jicho likibaki lilelile. Mabaka yaleyale yamebeba habari mbili tofauti, na aliyewatenganisha ni mtu aliyejizoeza kutazama jicho kabla ya rangi.

Kuna mahali macho nayo hufika mwisho. Vidua chalybeata, fumbwe mdogo mweusi anayeng'aa, pwani ana mdomo mwekundu na bara ana mdomo mweupe. Vidua purpurascens naye ni mweusi mwenye mdomo mweupe, na tofauti iliyo wazi iko miguuni: ya wa kwanza ni myekundu, ya wa pili imepauka. Majike wao hufanana mno. Hapo ndipo sikio linapochukua kazi. Mafumbwe hawa hawalei. Hutaga katika viota vya mishigi wadogo wekundu, kila aina na mwenyeji wake, na dume akikua huchanganya katika wimbo wake sauti za mwenyeji aliyemlea. Robert Payne wa Chuo Kikuu cha Michigan alitumia miaka mingi kuwarekodi Afrika, na kazi yake iliwaonyesha wengine kwamba wimbo unaweza kutaja ukoo ambao manyoya yanauficha.

Ufundi huu hupokezanwa kwa kutembea pamoja. Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya Jumatano asubuhi jijini Nairobi mwaka 1971, na wamepita hapo vijana waliokuja kuwa waongozaji watalii na watafiti. Kinachofundishwa katika matembezi ya namna hiyo ni utaratibu: andika ulichokiona kuanzia mdomo, jicho, utosi, kidari, bawa, mkia hadi miguu, ndipo ufungue kitabu. Anayefungua kitabu kwanza huanza kuona kile alichokisoma.

Na ndege asiyetambulika huandikwa hivyo, bila kulazimishiwa jina. Hapo ndipo ninapowaheshimu zaidi. Kumbukumbu zinazokusanywa kwa ajili ya ramani za ndege za Kenya na Tanzania zinategemea uaminifu huo, kwa sababu jina moja la kubahatisha huhamisha ndege kwenye ramani hadi mahali asipoishi.

Anayetaka kuanza hahitaji zaidi ya kibao, mtama na ndege wa aina moja. Amchague kwera wa uani kwake, amfuate masika mpaka masika, aandike jicho na mdomo kila anapomwona. Ndege wa pili atakuja kuwa rahisi zaidi.