Paka wa Mungu, Chui wa Mtu

Msomaji wa habari za Bastet, mungu wa kike wa Misri ya kale, aweza kushawishika kumlinganisha na chui wa masimulizi ya Unguja. Asiharakishe. Bastet alichorwa kwanza na kichwa cha simba jike, na baada ya karne nyingi akapewa sura ya paka. Huko Bubastis paka alikuwa mali ya mungu, na kumwua lilikuwa jambo la hatari. Ijapokuwa (na hili husahauliwa) paka wachanga wengi walivunjwa shingo makusudi ili maiti zao zikaushwe na kutolewa nadhiri.

Chui wa masimulizi ya mashamba ya Unguja ana mwenyewe: mchawi amfugaye, amlishaye, na kumtuma usiku kwa jirani. Hapana ibada hapo, pana tuhuma. Uzito wote wa masimulizi umo katika neno “kufuga”, ambalo humwondoa mnyama mwituni na kumtia katika ugomvi wa watu. Kwa hiyo, baada ya Mapinduzi ya 1964, mganga Kitanzi alipoongoza msako, wachawi na chui waliandamwa pamoja. Asemaye kuwa hizo ni ngano za watoto hajazisoma vema. Chui aliyepewa jina la kitaalamu na Pocock mwaka 1932 aliuawa kwa ajili yake.

Wataalamu wengi wamekwisha kumhesabu kuwa ametoweka. Vijijini wako wasemao yupo, kafichwa na mwenyewe.